Nani wa Kwanza Zanzibar Heroes?

Zanzibar ina timu ya taifa, Zanzibar Heroes, isiyotambuliwa na FIFA, na hapo ndipo unapoanzia ugumu wa kuwapanga wachezaji wake wakubwa. Mkenya akitaka kujua nani kaichezea Harambee Stars mechi nyingi, au Mganda akimtafuta mfungaji wake bora, ipo hesabu ya kuanzia. Mzanzibari hana hesabu hiyo. Mechi za kimataifa za Nadir Haroub "Cannavaro" zinazohesabika Zurich ni zile alizovaa jezi ya Taifa Stars, timu ya Tanzania. Siku alizosimama beki ya kati ya Zanzibar Heroes zimebaki kwa waliokuwepo na kwenye magazeti ya siku zile.

Kwa hiyo orodha zinatungwa barazani. Jaws Corner ndani ya Mji Mkongwe, Kikwajuni karibu na Uwanja wa Mao, Jang'ombe ambako mtaa mmoja unazo Taifa ya Jang'ombe na Jang'ombe Boys na kila moja ina watu wake, hakuna asiyekuwa na orodha. Nimezisikia nyingi, na nyingi zina kasoro ile ile. Zinaanza kwa kuuliza nani alivuka kwenda Dar es Salaam akavaa jezi ya Yanga au Simba, na alidumu huko miaka mingapi. Ukipanga hivyo unakuwa umewaachia viongozi wa klabu za Kariakoo wakuchagulie mashujaa wako. Aliyesajiliwa nao anakuwa mkubwa, asiyesajiliwa anasahauliwa kabla hajatundika viatu.

Mimi naanza na jezi ya Heroes. Kitu cha kwanza ninachokitazama ni mchezaji alifanya nini Zanzibar ilipokuwa Zanzibar, kwenye Kombe la Challenge na popote pengine timu hii ilipopata nafasi ya kucheza kwa jina lake. Taifa Stars inakuja pili, klabu inakuja tatu. Naweka hivyo kwa sababu Taifa Stars na klabu zina watu wengi wa kuzitunzia hesabu zake, na Heroes haina mwingine wa kuitunzia ila sisi. Na iko sababu nyengine: jezi ya Heroes haijawahi kumtajirisha mtu, wala haina Kombe la Dunia mbele yake. Anayeivaa kwa miaka mingi na kuichezea kwa nguvu zote anakuwa ametuonyesha kitu ambacho mkataba wa klabu hauwezi kukionyesha.

Kabla ya majina, lazima tujue jezi yenyewe ilipitia wapi. Mpira ulifika Unguja mwishoni mwa karne ya 19, ukachezwa na Waingereza wa kampuni ya simu za chini ya bahari na wanafunzi wa skuli ya misheni ya Kiungani, halafu ukatoka mikononi mwao ukawa wa watu wa Ng'ambo na wa Mjini, waliokutana Mnazi Mmoja jioni. Kombe la Gossage, lililopewa jina la watengenezaji wa sabuni waliolidhamini, lilianza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda. Tanganyika ikaingia 1945, Zanzibar ikaingia 1949. Katika nchi nne zile, moja ilikuwa visiwa ambavyo watu wake wote wangeweza kuhesabiwa kama wakazi wa mji mmoja mkubwa wa leo. Zanzibar haikuwahi kulichukua Gossage. Mwaka 1967 kombe likabadilika kuwa Challenge ya Afrika Mashariki, na kuanzia 1973 likawa la CECAFA. Zanzibar iliendelea kucheza kwa jina lake hata baada ya Muungano wa 1964, na mpaka leo Challenge ndiyo mashindano makubwa inayoshiriki kama nchi.

Ubingwa umekuja mara moja tu, mwaka 1995, huko Uganda. Heroes waliwafunga wenyeji 1-0 kwenye fainali na kurudi na kombe Unguja. Ukitumia kipimo nilichokiweka, mtu atauliza kwa haki kabisa: mbona usianze na hao, ukachagua nahodha wao au mfungaji wao ukamweka namba moja, kazi ikaisha?

Nimelifikiria sana hilo, na jibu langu ni kwamba kikosi kile kinastahili kukaa juu kikiwa kizima, kwenye mstari wake peke yake, bila kuchambuliwa mtu mmoja mmoja. Nasema hivyo kwa sababu ya wakati wao. Walicheza mwishoni mwa zama ambazo klabu za Unguja zilikuwa bado na uwezo wa kuwashika wachezaji wao. Ligi ya Muungano, iliyokutanisha klabu bora za Bara na za Visiwani, ilikwenda KMKM mwaka 1984, ikaja Malindi mwaka 1989 na tena 1992. Fikiria maana yake: bingwa wa Tanzania nzima alikuwa anafanya mazoezi umbali wa kutembea kutoka bandarini. Mchezaji bora wa Zanzibar hakulazimika kupanda boti ili athibitishe ubora wake. Yanga na Simba walikuja wenyewe Amaan wakakutana naye. Timu ya 1995 ilitokana na mpira huo. Ukubwa wao ulikuwa wa kikosi kilichozoeana, na kuwapanga kwa namba pamoja na watu wa zama za usajili wa Dar es Salaam na mechi za televisheni ni kuwadhulumu pande zote mbili. Wao wana kombe. Waliokuja baada yao wanashindania nafasi zilizo chini ya kombe lile.

Baada ya hapo mambo yalibadilika haraka. Ligi ya Muungano ikafa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ligi ya Zanzibar ikabaki na timu za vikosi ndizo zenye uhakika wa mshahara: KMKM ya kikosi cha kuzuia magendo, JKU ya Jeshi la Kujenga Uchumi, KVZ ya valantia, Mafunzo, Zimamoto, Polisi. Hili lina faida yake, na sipendi linavyobezwa. Kijana wa Chumbuni au Kwahani anayesajiliwa na timu ya kikosi anapata na ajira, na mama yake anajua kesho kutakuwa na chakula hata goti likiumia. Lakini kwa mwenye ndoto kubwa zaidi, njia ikawa moja, ya bahari. Ndiyo maana orodha yangu ya watu binafsi inaanza na kizazi cha waliovuka, kile kilichochipukia miaka ya 2000. Hawa wote walipimwa kwa mizani inayofanana: ligi ile ile ya Bara, Taifa Stars ile ile, Challenge ile ile.

Na kizazi hicho hakikuwa dhaifu kama tunavyopenda kusema tukiwa na hasira. Mwaka 2006 timu ya Zanzibar ilikwenda Hamburg kwenye FIFI Wild Cup, mashindano ya nchi na maeneo yasiyo wanachama wa FIFA, ikafika fainali na kushindwa na Cyprus ya Kaskazini kwa mikwaju ya penalti. Kwenye Challenge ya 2009 jijini Nairobi Heroes walishika nafasi ya tatu, na 2012 mjini Kampala wakaishika tena. Mara zote mbili waliyemshinda kwenye mechi ya mshindi wa tatu alikuwa Tanzania Bara, ya kwanza kwa bao moja bila, ya pili kwa penalti baada ya sare. Watu waliokuwa wakicheza bega kwa bega Taifa Stars walikutana hapo wakiwa na rangi tofauti na wakakabana kama wasiojuana.

Kilichofuata baada ya Kampala kinaeleza mengi kuhusu jezi ile. Wachezaji waligawana zawadi ya nafasi ya tatu, dola 10,000 za Marekani, badala ya kuikabidhi kwa chama, ZFA, na chama kikakifungia kikosi. Sisemi kwamba walikuwa sahihi. Nasema kwamba fedha zote za kuwa timu ya tatu katika ukanda mzima, zikigawanywa kwa kikosi, hazikufika mshahara wa miezi michache wa mchezaji wa klabu kubwa ya Dar es Salaam. Anayewapanga wachezaji wa Heroes ayajue hayo kabla hajasema fulani alicheza vizuri zaidi akiwa na klabu yake.

Sasa majina. Nadir Haroub ndiye mtu wa kizazi hicho. Alizaliwa 1982, akapita Malindi, akatua Yanga mwaka 2006 na kubaki hapo mpaka alipostaafu 2018, akitoka kidogo tu mwaka 2009 kwenda Vancouver Whitecaps ya Kanada. Jina la Cannavaro alipewa kwa beki wa Italia aliyenyanyua Kombe la Dunia mwaka ule ule wa 2006, na wengi wanaopewa majina ya aina hiyo huyapoteza baada ya msimu mmoja. Yeye alilishika. Akiwa Yanga alichukua ubingwa wa ligi mara kadhaa na Kombe la Kagame mara mbili mfululizo, 2011 na 2012. Alikuwa nahodha wa klabu, akawa nahodha wa Taifa Stars, na alipoambiwa mwanzoni mwa 2016 kwamba kitambaa kinakwenda kwa Mbwana Samatta, alitangaza kustaafu timu ya taifa.

Wapo wanaosema Nadir hakuwa na miguu laini, kwamba mabeki wengi wa Unguja walikuwa wakiuchezea mpira vizuri kumliko. Ni kweli, wala haimpunguzii. Kazi yake ilikuwa kichwa, mabega na sauti. Beki wa kati anapimwa kwa namna wenzake wanavyosimama akiwepo na wanavyosimama asipokuwepo, na mtu aliyeitazama Heroes ikicheza na Nadir katikati ataukumbuka ukuta uliokuwa haurudi nyuma hovyo. Zaidi ya hayo, aliitika wito wa Zanzibar mwaka baada ya mwaka, alipokuwa kijana asiyejulikana na alipokuwa nahodha wa klabu yenye mashabiki wengi nchini. Wapo walioukwepa wito huo walipokuwa wakubwa.

Pembeni yake alikuwepo Aggrey Morris, aliyetokea Mafunzo akaenda Azam. Hawa wawili walikuwa mabeki wa kati wa Heroes na wa Taifa Stars kwa pamoja, jambo ambalo halipewi uzito wake: kuna wakati katikati ya ulinzi wa Tanzania nzima kulikuwa kwa Zanzibar peke yake. Azam ilipotwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mechi hata moja, Aggrey alikuwemo, na pamoja naye kipa Mwadini Ally na winga Khamis Mcha "Viali". Mcha alikuwa na kasi na jicho la goli. Nampenda kama mchezaji, ila siwezi kumuweka kwenye tano bora, kwa sababu miaka yake mizuri ilikuwa michache. Mwadini ananisumbua zaidi. Makipa huonewa kwenye orodha zote, na hii yangu nayo haikuwatendea haki.

Abdi Kassim "Babi" ni habari nyengine. Kiungo mwenye shuti kali, aliyetoka Mlandege akapita Mtibwa Sugar na Yanga, akaenda mpaka Vietnam kuichezea Long An. Septemba 2007, Taifa Stars ilipocheza na Uganda kwenye Uwanja wa Taifa mpya wa Dar es Salaam, unaoitwa leo Benjamin Mkapa, bao pekee la mechi lilikuwa lake, na ndilo la kwanza kufungwa kwenye uwanja ule. Watu elfu sitini wanaoingia pale leo kutazama watani wa jadi wanakaa kwenye uwanja ambao nyavu zake zilitikiswa kwanza na mtu wa Unguja. Lakini sababu yangu ya kumweka juu haitokani na bao lile. Zanzibar imetoa mafundi wengi wa chenga na pasi fupi fupi, wachezaji wa uwanja wa mchanga, na imekuwa ikikosa kiungo wa kuupeleka mpira mbele haraka, anayemaliza shambulizi mwenyewe pale washambuliaji wanapobanwa. Babi alikuwa huyo. Baada yake tulisubiri muongo mzima kumpata mwengine wa aina ile.

Mwengine alikuja mwaka 2017, na mwaka ule unahitaji nafasi yake. Mwezi Machi, kwenye mkutano wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, uliofanyika Addis Ababa, Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa 55 wa shirikisho hilo baada ya kuwa mwanachama mshiriki tangu 1980. Watu walisherehekea mitaani. Ilimaanisha kwamba Heroes wangeweza kucheza kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa jina lao. Julai, huko Rabat, uamuzi ukafutwa. Rais mpya wa CAF, Ahmad Ahmad, alisema Zanzibar haikupaswa kupokelewa kwa kuwa si nchi inayojitegemea. Miezi minne ilikuwa imepita. Timu iliyokwenda Kenya Disemba kwa ajili ya Challenge ilikuwa imefunguliwa mlango na kufungiwa ndani ya mwaka mmoja.

Timu hiyo, chini ya kocha Hemed Suleiman "Morocco", iliifunga Rwanda 3-1, ikaifunga Bara 2-1, ikatoka sare na Kenya, kisha kwenye nusu fainali ikamtoa bingwa mtetezi, Uganda, kwa 2-1. Fainali ilichezwa Machakos tarehe 17 Disemba. Kenya walitangulia mara mbili, na mara mbili Heroes wakarudisha, bao la kwanza likija dakika za mwisho wakati wenyeji wanajiandaa kusherehekea. Ikaisha 2-2 baada ya dakika 120. Kwenye penalti kipa Patrick Matasi akaokoa, Kenya wakashinda 3-2. Sijaona mechi ya Heroes iliyochezwa kwa moyo zaidi ya ile, na naiweka juu ya nafasi zote mbili za tatu zikijumlishwa.

Ndani ya kikosi kile walikuwemo Mohamed Issa "Banka", Abdulaziz Makame, Mudathir Yahya, na kijana wa miaka 19 kutoka JKU aitwaye Feisal Salum, Fei Toto. Miezi michache baadaye Feisal alikuwa Yanga. Alianza akicheza kiungo wa chini, akasogezwa mbele kidogo kidogo hadi ikaonekana wazi kwamba mguu ule hauna kazi ya kufanya mbali na goli. Mwishoni mwa 2022 yeye na klabu wakaingia kwenye mgogoro wa mkataba uliochukua nusu mwaka, ukamalizika kwa yeye kuhamia Azam, na msimu wake wa kwanza huko, 2023/24, akafunga mabao 19 kwenye ligi, mawili tu pungufu ya mfungaji bora Aziz Ki. Kwa kiungo, hizo ni namba za ajabu.

Mudathir amepita njia yenye mabonde zaidi. Alilelewa Azam, akapelekwa Singida, akaachwa, akarudi Unguja, na wengi wakadhani habari yake imeisha. Januari 2023 Yanga wakamchukua, na kufikia mwezi Juni alikuwa anacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Yanga walifungwa 2-1 nyumbani, wakashinda 1-0 Algiers, wakapoteza kombe kwa sheria ya bao la ugenini. Ile namna yake ya kushangilia, ya kuweka mkono sikioni kama anayepiga simu, watoto wa Unguja wanaiigiza kila wakifunga kwenye viwanja vya mchanga. Ndani ya timu ile ile ya Yanga alikuwepo Ibrahim Hamad "Bacca", beki aliyechukuliwa KMKM mwanzoni mwa 2022.

Septemba 2024, Taifa Stars ilicheza na Guinea huko Yamoussoukro kuwania tiketi ya AFCON ya 2025. Guinea walitangulia. Feisal akasawazisha, na dakika za mwisho Mudathir akafunga la pili, 2-1. Kocha aliyekuwa kwenye benchi la Tanzania alikuwa Hemed Morocco. Watu watatu wa Machakos 2017, wale ambao CAF iliwaambia nchi yao haiwezi kushiriki AFCON, walikuwa wanaipeleka Tanzania AFCON. Disemba 2025 nchini Morocco, bao la Feisal dhidi ya Tunisia likaleta sare ya 1-1 na kuivusha Taifa Stars kwenye hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Hapo hoja ya wanaompa Feisal namba moja inakuwa nzito, na siwezi kuipita juu juu. Wanasema hakuna bao lililofungwa na Mzanzibari lenye thamani kubwa kuliko lile la Tunisia, na wamesema kweli. Wanasema kwa kipaji hana mpinzani tangu kizazi cha Babi, na hapo pia nakubaliana nao. Wanasema Nadir, pamoja na miaka yake yote, hakuwahi kucheza AFCON. Ni kweli, ingawa Tanzania nzima haikufuzu kati ya 1980 na 2019, na beki mmoja hawezi kulibeba hilo.

Bado namweka Nadir wa kwanza na Feisal wa pili. Nimesema kipimo changu ni jezi ya Heroes, na siwezi kukitupa pale kinapomgusa mchezaji ninayempenda zaidi kumtazama. Nadir aliibeba Zanzibar kama mlinzi na kiongozi, kwenye nyakati ambazo hapakuwa na kamera za kutosha wala uwanja uliokarabatiwa. Feisal ana Machakos, na Machakos ni kitu kikubwa, lakini alikuwa mdogo katika kikosi cha watu wengine. Mabao yake makubwa ni ya Taifa Stars. Wa tatu ni Babi. Wa nne namweka Mudathir mbele ya Aggrey Morris, kwa unywele mmoja, na sababu ni fainali ya 2017. Mwenye kuwageuza sitabishana naye sana.

Bacca yuko nje ya tano kwa sasa, na najua nitalaumiwa. Kwa ubora wa beki peke yake, dakika tisini kwa dakika tisini, huenda ameshampita Aggrey na anamkaribia Nadir: ana kasi ambayo Nadir hakuwa nayo na haogopi kuutoka na mpira. Lakini Heroes imecheza mechi chache mno tangu alipokomaa. Challenge imekuwa ikiahirishwa na kukosekana miaka kadhaa, na timu isiyo na mashindano mengine haimpi mtu mahali pa kujijengea jina. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa na timu za taifa badala ya klabu, kwenye Uwanja wa Gombani, Pemba, na Heroes wakalitwaa kwa kuifunga Burkina Faso 2-1. Mashindano ya aina hiyo yakifanywa kila mwaka, orodha hii itabadilika haraka kuliko ilivyobadilika kwa miaka ishirini.

Kuna upande mzima ambao baraza zetu haziutaji. Wanawake wa Unguja wamecheza mpira wakati wengi hawakutaka kuwaona uwanjani. Filamu ya Florence Ayisi ya mwaka 2007, Zanzibar Soccer Queens, iliifuata timu ya Women Fighters na kuonyesha walivyokuwa wanacheza huku wakijibu maswali ya familia na majirani. Sijawachanganya humu, kwa kuwa Heroes ni timu ya wanaume na wao wanastahili orodha yao yenyewe, yenye hesabu za mechi na mabao, iliyoandikwa na mtu aliyewatazama kwa miaka mingi. ZFF, shirikisho lililorithi kazi za ZFA, lingefanya jambo la maana sana likianza kukusanya hesabu hizo kwa pande zote mbili wakati wachezaji wa miaka ya 1980 na 1990 bado wapo wa kuulizwa.

Feisal alizaliwa Januari 1998. Ana miaka kadhaa ya mpira mkubwa mbele yake, na Challenge moja au mbili zikiitishwa zitamkuta akiwa kwenye ubora wake, na kitambaa cha nahodha hakitakuwa mbali na mkono wake. Akilileta Unguja kombe lililokuja mara moja tu, mwaka 1995, nitamhamisha Nadir nafasi ya pili siku hiyo hiyo.